Kurithi Dakika

Chuo chetu kilikuwa na kompyuta nne nzima na moja ya kuwekea vikombe. Kilikuwa mjini Thika, ghorofa ya pili, juu ya duka la vyakula vya kuku, na vumbi la pumba lilipanda ngazi pamoja nasi kila asubuhi likaenda kukaa kwenye kibodi. Wanafunzi tulikuwa zaidi ya ishirini. Kila mmoja alipewa dakika ishirini kwenye mashine, mara mbili kwa wiki, na mwalimu alizipima kwa saa yake ya mkononi, ambayo aliivua na kuiweka mezani kabla hujakaa vizuri kitini. Muda mwingine wote tuliandika programu zetu kwa penseli kwenye madaftari, tukazikagua kwa macho, tukaziombea.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Mwalimu alikuwa ameletewa CD ya Java na binamu yake aliyekuwa ng'ambo, akaamua kwamba hiyo ndiyo lugha ya kesho, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akiisoma sura moja mbele yetu. Alikuwa mtu mwembamba wa sweta ya kijani, wala hakuwa mbaya kuliko walimu wengine niliowajua. Kanuni yake ilikuwa moja tu. Ukiiambia mashine itafsiri au iendeshe programu yako nayo ikaleta kosa, unasimama. Unalisoma kosa hilo kwa sauti, neno kwa neno, darasa zima likusikie. Halafu yeyote anayejua dawa yake anakuja, anakaa kwenye kiti chako, anarekebisha, na dakika zako zilizobaki zinakuwa zake. Wewe unarudi kwenye penseli. Kitendo hicho tulikiita kurithi.

Mwalimu alisema kanuni hiyo ingetufunza umakini. Labda iliwafunza wengine. Mimi ilinifunza kitu kingine, na nilikuwa mwanafunzi hodari.

Niseme mapema nilikuwa msichana wa aina gani, usije ukanihurumia katikati. Nilikuwa na miaka ishirini, nikikaa na baba yangu mtaa wa Kimbo, kule Ruiru, kwenye vyumba viwili vya kupanga kwenye ploti, mkabala na duka la mjomba. Mjomba aliuza misumari, mabati na rangi. Baba alikuwa ameshaniambia bila kuzungukazunguka: kozi ikiisha sina kazi, naingia nyuma ya kaunta ya mjomba, na huko nitakaa mpaka aje mtu wa kunioa. Mjomba aliniita "kasichana" na kunituma chai mbele ya wateja. Nikilala nilisikia misumari ikimwagwa kwenye mizani. Kwa hiyo sikwenda Thika kutafuta marafiki. Nilikwenda kutafuta mlango wa kutokea, na mlango huo ulipimwa kwa dakika.

Wenzangu walijifunza Java. Mimi nilijifunza makosa.

La kwanza kulirithi lilikuwa la kijana mmoja wa duka, mtoto wa mfanyabiashara Mwislamu wa pale pale mjini, mcheshi, mwenye kofia yake ya kufuma na soda mkononi. Mashine ilimwambia haioni faili yake, naye alikuwa akiiona mbele ya macho yake. Alisimama akasoma, watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshagundua kwamba kile kidaftari cha Windows tulichoandikia programu hubandika mkia wa .txt kwenye jina la kila faili bila kukuonyesha, kwa hiyo faili unayodhani inaishia na .java ina mkia mwingine umefichwa. Dawa yake ni kulifunga jina kwa alama za kunukuu wakati wa kuhifadhi. Nilikaa kwenye kiti chake kikiwa bado na joto. Dakika kumi na sita.

"Wewe ni mwizi," aliniambia akicheka.

"Na wewe ni mjinga," nilimjibu, nami sikucheka.

Baada ya hapo nilikuwa nikisubiri tu. Mtu akisahau nukta mkato mwisho wa mstari wa kumi na moja, mashine inalalamikia mstari wa kumi na mbili, naye masikini anaukodolea macho wa kumi na mbili mpaka machozi yanamlenga. Niliinua mkono: angalia mstari wa juu yake. Mtu akiita jina la faili kwa herufi ndogo na ndani ya programu akaliandika kwa herufi kubwa, nilijua. Mtu akiwa na orodha ya majina matano akaomba la tano, mashine inakataa, kwa sababu Java huanza kuhesabu na sifuri, na la mwisho katika matano ni la nne. Kwa kosa hilo nilimrithi msichana mmoja siku ambayo alikuwa amekuja na homa ili asikose zamu yake. Aliomba nimwachie dakika tano tu amalizie. Nilimwambia akamwombe mwalimu. Mwalimu alisema kanuni ni kanuni, nami nikageuza kiti nikampa mgongo.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuna aliyewahi kumrithi hata dakika.

Tulimwita Auntie. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, Mluhya, mpole, wa sketi ndefu na kitambaa cheupe kichwani, akikaa chumba kimoja kule mtaa wa Landless. Miaka mingi alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha nguo hapo Thika, mpaka kiwanda kikaanza kuwarudisha watu nyumbani mmoja mmoja, zamu yake ikafika. Kazi yake kule ilikuwa kukagua kitambaa. Kitambaa kilipita mbele yake juu ya taa, naye akatafuta uzi uliokatika. Programu alizikagua hivyo hivyo. Aliandika kwenye daftari la miraba, kila herufi katika mraba wake, halafu akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akausoma kwa midomo, akaishusha rula kwenye wa pili. Akimaliza alirudia kutoka chini kwenda juu. Alipofika kwenye mashine alinakili tu, kwa vidole viwili, na mashine ikanyamaza. Kwetu sisi ukimya wa mashine ndio uliokuwa ushindi.

Alikuwa na binti wa miaka sita aliyebaki na nyanya yake huko Magharibi. Hilo tulilijua sote, maana hakulificha. "Nikipata kazi tu, mwezi wa kwanza namleta aanze shule hapa," alikuwa akisema, na alisema hivyo kila wiki, kwa furaha ile ile, mpaka ikawa inaniudhi. Nilimwonea wivu. Sikumwonea wivu mtoto. Niliionea wivu ile rula. Mimi nilipata dakika kwa kuwawinda watu, na yeye alizipata kwa kutokosea, na aliponikuta ngazini aliniita "mdogo wangu" na kunimegea kipande cha kiazi kitamu kutoka kwenye mkoba wake. Nilikula kiazi. Wivu haukupungua.

Sasa, kuna jambo moja kuhusu namna tulivyofanya kazi ambalo lazima nilieleze, kwa sababu kila kitu kilisimama juu yake. Dakika ishirini ni chache. Mashine zile zilikuwa nzito. Kutafsiri programu fupi tu kulikula dakika nzima au mbili, skrini imeganda, saa ya mwalimu inatembea. Hakuna aliyekubali kupoteza muda kuiuliza programu maswali kwa kibodi. Mistari ya kusoma kibodi ilikuwa mirefu na yenye mitego, kwa hiyo tuliiacha nje. Jina la kujaribia tulikuwa tunaliandika ndani ya programu yenyewe. Ukitaka kujua kama programu yako inaweza kumpata mtu kwenye orodha, unaandika orodha, unaandika na jina la mtu huyo hapo chini, halafu unaiendesha mara moja na kusoma jibu. Darasa zima lilifanya hivyo. Mwalimu ndiye aliyetufundisha.

Auntie kila mara alijaribia jina la binti yake. Sitalitaja hapa. Lilikuwa la kwanza kwenye orodha na la kwanza kuulizwa, na programu ilijibu kwa neno moja, Yupo. Niliwahi kumwona akilitazama neno hilo kwenye skrini kwa sekunde kadhaa bila kugusa kitu, na yeye ndiye mtu aliyekuwa mchoyo wa sekunde kuliko sisi sote.

Mimi, kwa kurithi, nilifika mahali nikawa na dakika nyingi kuliko kazi. Asubuhi moja nilirithi watu wanne mfululizo. Nikiwa nimeshiba hivyo nikafanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa na nafasi ya kulifanya: niliandika ile mistari mirefu ya kusoma kibodi, nikaendesha programu, nikapiga jina kwa vidole vyangu. Lilikuwa kwenye orodha, nililiona. Programu ikajibu Hayupo. Nikapiga tena polepole. Hayupo. Nikaliweka jina lile lile ndani ya programu kama tulivyozoea. Yupo.

Ilinichukua zamu mbili za watu wengine kuelewa. Tulifundishwa kulinganisha vitu kwa alama mbili za usawa, ==, na kwa nambari alama hizo hazina shida. Kwa majina zinauliza swali lingine kabisa. Haziulizi kama majina mawili yana herufi zile zile; zinauliza kama ni kitu kimoja, kilichokaa mahali pamoja kwenye kumbukumbu ya mashine. Weka mezani vikombe viwili vya chai ile ile, nazo zitakwambia si sawa, kwa kuwa vikombe ni viwili. Jina lililoandikwa mara mbili ndani ya programu, Java hulitunza mara moja tu, kwa hiyo jina letu la kujaribia na lile la orodhani yalikuwa kikombe kimoja, na jibu likawa sahihi kwa bahati. Jina linaloingia kwa kibodi ni kikombe kipya. Dawa ni kuziondoa alama zile mbili na kutumia neno equals, ambalo husoma herufi. Kazi ya nusu dakika, ukishajua.

Miezi mitatu darasa zima lilikuwa likijaribu programu kwa njia iliyolificha kosa hilo, na mashine haikulalamika hata siku moja. Hakuna aliyesimama kwa sababu yake. Nilirekebisha programu yangu, nikaihifadhi kwenye disketi yangu, nikanyamaza. Kosa lisilopiga kelele halina mrithi, na mimi sikuwa nagawa vitu bure.

Ndipo alipokuja yule meneja. Alitoka kwenye shamba moja la maua upande wa Ruiru, alikaa mtaa wa Membley, alikuwa na gari jeupe na namna ya kusema "okay" inayokufanya usimame wima. Alitaka mtu mmoja wa kukaa na kompyuta kwenye ofisi ya geti. Asubuhi wachumaji wanafika, mtu anapiga jina, kompyuta inasema kama yumo kwenye orodha na ni wa kundi gani. Alimwambia mwalimu atarudi Ijumaa. Anayetaka kazi alete programu yake kwenye disketi, na itakayomridhisha, mwenyewe anaanza kazi Jumatatu.

Waliojitokeza tulikuwa wawili. Wengine waliogopa kusimama mbele ya mgeni. Kijana wa kofia alisema yeye tayari ana kaunta ya babake na haoni sababu ya kwenda kudharauliwa kwingine.

Jumanne ilikuwa zamu ya mwisho, na mimi na Auntie tulikaa mashine mbili zilizopakana. Programu yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nasema hivyo leo, na niliiona hivyo siku ile, na ndiyo iliyonichoma. Yangu ilisema Yupo au Hayupo, basi. Yake ilitoa jina, kundi, msimamizi, na nambari ya nyumba ya maua, vyote vimepangwa kwenye safu, vimenyooka kabisa. Siku hiyo aliongeza mistari ya kusoma kibodi aliyoinakili ubaoni, akaiamuru mashine itafsiri, akaweka mikono mapajani akasubiri. Mashine ilinyamaza. Haikuleta kosa. Saa ya mwalimu ilimwonyesha dakika mbili zilizobaki.

Mimi nilikuwa nimeshaiona. Ilikuwa pale katikati ya skrini yake, mstari wa kulinganisha, alama mbili za usawa.

Aliniinamia. "Mdogo wangu, hebu niangalizie hapa. Hii ya kibodi sijawahi kuijaribu. Nipige jina moja nione, ama iko sawa?"

Dakika mbili zilitosha. Angepiga jina moja, angeona Hayupo, na yule mwanamke aliyekagua kitambaa miaka yote ile angelitafuta kosa usiku na mchana mpaka Ijumaa, na angelipata. Hilo nililijua kama ninavyojua jina langu.

"Iko sawa," nilimwambia. "Si imekubali? Ukianza kupigapiga saa hii na machine ikwame, utasimamishwa. Save tu, utoke."

Alitazama saa, akamtazama mwalimu. Hakuwa amewahi kusimama hata siku moja, na kusimama ndicho kitu alichokiogopa kule ndani. Aliihifadhi, akaitoa disketi, akaifunga kwenye leso.

"Haki asante," alisema. "Basi chukua hizi dakika mbili zangu. Mimi nimemaliza."

Nilizichukua. Sikuwa na la kuzifanyia. Nilikaa tu kwenye kiti chake nikitazama skrini tupu mpaka mwalimu akasema muda umekwisha.

Ijumaa Auntie alikuja na viatu vilivyopakwa rangi mpya na kitambaa kilichopigwa pasi. Alikuwa amemwandikia nyanya barua, alituambia asubuhi hiyo, kumwarifu aanze kumtafutia mtoto sweta, maana Thika kuna baridi. Darasa zima lilikaa kwenye madawati kama harusini. Meneja alipewa kiti kizuri.

Mimi nilianza. Meneja alipiga majina mawili, moja lililokuwemo na moja alilolibuni, na programu ikajibu yote sawasawa. "Okay," alisema, akafunika mdomo akapiga mwayo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yangu yote.

Kisha Auntie. Alipofungua yake, ile safu iliyonyooka ikatokea, na meneja akaegemea mbele. Aliuliza hii ni nini, na hii, akajibiwa kwa sauti ndogo iliyokuwa ikipata nguvu. "Hii ndiyo kitu nilikuwa nataka," alimwambia mwalimu. Mwalimu alisimama mrefu ndani ya sweta yake. Kisha meneja akasogeza kibodi kuelekea kwa Auntie.

"Andika jina yoyote. Hata ile unapenda."

Aliandika jina la binti yake, kwa vidole viwili.

Hayupo.

Alilitazama neno hilo. Hakuwa amewahi kuliona katika programu yake. Akadhani amekosea herufi, akaandika tena, akitamka kila herufi kwa midomo kama alivyozoea na rula. Hayupo. Akaandika mara ya tatu, na mkono wake wa kushoto sasa ulikuwa umeshikilia ukingo wa meza. Hayupo. Kwenye orodha, mstari wa kwanza kabisa, jina lilikuwa pale pale, kila mtu aliliona.

"Juzijuzi ilikuwa inasema yuko," alisema, akimwambia meneja, kisha akatugeukia sisi sote. "Miezi yote imekuwa ikisema yuko."

"Aterere, sikiliza," mwalimu alisema, naye alikuwa ameaibika mbele ya mgeni kuliko alivyokasirika. "Unajua kanuni. Simama. Nani ako na dawa?"

Alisimama. Hapakuwa na kosa la kusoma, kwa hiyo alisoma kilichokuwepo. Alisoma jina la mwanawe, akasoma na neno lile, kwa sauti, kama kanuni ilivyotaka. Hakuna aliyecheka. Yule msichana wa homa aliangalia sakafu.

Hapo bado ningeweza kukaa kimya. Kimya kingeniachia nafasi sawa na yake, au karibu. Niliinua mkono.

Nilikaa kwenye kiti chake, nikafuta alama mbili, nikaandika equals na mabano yake, nikaihifadhi, nikaitafsiri. Tulisubiri mashine, na hiyo ndiyo sehemu iliyochukua muda mrefu zaidi, kuku wa mtu wakilia huko chini dukani. Kisha nikapiga jina la binti yake mimi mwenyewe, haraka, kwa vidole vyote kumi. Yupo. Kundi. Msimamizi. Nyumba ya maua. Safu imenyooka.

Meneja aliniuliza nimejuaje. Nikamweleza habari ya vikombe vya chai. Alicheka, akaipenda.

"Okay, huyu ndiye nataka," alisema. "Yule mama ameandika vizuri, lakini mimi kwa geti nataka mtu anajua kutengeneza. Na hiyo programu ya mama ukuje nayo, ile yako ni kidogo."

"Amerithi," kijana wa kofia alisema kutoka nyuma, si kwa utani.

Nilimkuta Auntie ngazini, amekaa kwenye kidato cha chini karibu na magunia ya pumba, daftari la miraba likiwa magotini. Ningepita. Aliniita.

"Mdogo wangu, hiyo ya equals umeijua lini?"

"Jana," nilisema.

"Jana." Aliandika kitu, akaweka rula chini yake, akapiga mstari. Kisha akanigeuzia daftari. Alikuwa ameinakili kanuni yote kutoka kwenye maelezo yangu kwa meneja: lini alama mbili, lini equals, na kwa nini jina lililo ndani ya programu hudanganya. Hakukosa hata nukta. "Hebu niangalizie. Iko sawa?"

"Iko sawa," nilimwambia.

Yalikuwa maneno yale yale mawili, na sauti ile ile niliyoitumia Jumanne. Niliyasikia yakitoka, naye aliyasikia yakifika. Alinitazama kwa muda, kama vile nadhani alivyokuwa akikitazama kitambaa juu ya taa. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimeshaandaa jibu, na jibu lenyewe lilikuwa la kikatili, kwamba hakuna aliyemzuia kupiga jina moja. Alifunga daftari, akaingiza rula katikati.

"Sawa, madam," alisema.

Hakuniita mdogo wangu tena, wala hakupata siku nyingi za kuniita chochote. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilikutana na kijana wa kofia, akaniambia Auntie alihama Landless, akarudi kwao. Kile chumba kilishachukuliwa na mtu mwingine. Nilimuuliza kama mtoto aliletwa Thika. Aliniangalia kama mtu anayetafuta mahali pa kutemea mate, akaenda zake.

Mimi sikuuza misumari. Nilikaa kwenye ofisi ya geti, na kila asubuhi wachumaji walipita dirishani, nami nikapiga majina yao kwenye programu ya Auntie. Haikuharibika hata siku moja. Nilikuwa nimeongeza mamia ya majina, lakini sikuwahi kuligusa lile la kwanza, lililokaa kwenye sifuri ambako Java huanza kuhesabu. Sijui kwa nini niliacha. Haikuwa toba, mtu anayetubu angeandika barua, na anwani ya kijiji ningeipata kwa mwalimu.

Mwaka wa pili meneja alichapisha orodha nzima, akaja nayo dirishani na kalamu nyekundu.

"Huyu wa kwanza hana kundi ya ukweli. Sijawahi ona akija kazi. Ni nani?"

"Ni wa kujaribia tu," nilisema.

"Basi mtoe."

Nilimtoa. Kisha nikafanya kile ambacho kila anayejifunza Java anapaswa kukifanya, na ambacho tulinyimana muda wa kukifanya: niliijaribu programu kwa kibodi. Nilipiga jina la binti yake, herufi kwa herufi, kwa vidole viwili. Mashine ilifikiri kidogo, ikajibu Hayupo, na safari hii programu haikuwa na kosa lolote.